Mtani Wangu Kakosea Mguu

Mimi si mtu wa kuomba radhi na sitaanza leo. Shule niliishia darasa la nne. Nyumba nimejenga mwenyewe, mashine mbili za kusaga pale Mwanjelwa nimezipata kwa mikono hii, na watoto wangu wamesoma mpaka wananisahihisha Kiswahili. Nayasema haya ili anayesoma ajue kwamba niliyoyafanya niliyafanya nikiwa na akili timamu, wala hakuna aliyenituma.

Mtani wangu alikuwa Mngoni. Mimi Mhehe wa Kihesa, Iringa. Babu zetu waliuana, sisi wajukuu tukarithi utani. Tulikutana tukiwa vijana Makongolosi, kwenye shimo la dhahabu, yeye chini akichimba, mimi juu nikivuta kamba. Siku ya kwanza aliniuliza kama mbwa niliyekuja naye ni wa kulinda au wa chakula cha mchana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi na chakula, panya wote wa shimoni nimemwachia yeye. Basi, ikawa hivyo maisha yote. Mimi nikahamia Mbeya mjini, yeye akabaki Makongolosi na duka lake la sululu na majembe. Hatukuwahi kuitana kwa majina. Yeye kwangu Mngoni, mimi kwake Mhehe.

Tukifiwa kwetu, anakuja yeye kuchekesha. Wakifiwa kwao, nakwenda mimi. Ndiyo kazi ya mtani msibani: anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyotembea na alivyosema, anakamata kuku wa watu, na jeneza likitaka kutoka analala njiani mpaka apewe chake. Hakuna anayemkasirikia. Yeye alikuwa hodari kuliko mimi, hilo nakubali. Mimi nilikuwa natukana tu. Yeye alikuwa anamfufua mtu.

Kaka yangu mkubwa alifia Kihesa. Kiharusi kilimpiga, akaishi nacho karibu mwaka. Mdomo ulivutwa kushoto. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Maneno yalimwisha yote yakabaki mawili, "lete" na "toka", na kwa hayo mawili aliitawala nyumba nzima. Msomaji ashike hiyo kushoto na kulia, asiichanganye kama tulivyoichanganya sisi.

Mngoni alikuja Mbeya, tukaondoka pamoja kwa gari langu siku moja kabla ya mazishi. Tulipofika Makambako alikuwa ameshika kisogo.

"Mhehe, kichwa kinagonga."

"Kinagonga kinatafuta ubongo. Dawa zako za presha ziko wapi?"

"Nimeacha. Nilipimwa, nesi akasema imeshuka."

"Basi umefanya vizuri."

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Kwetu kila mtu anajua kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka, kama magonjwa mawili yanayoishi nyumba moja. Ikipanda unameza vidonge. Ikishuka unaacha, usije ukaisukuma ikatokea upande wa pili ukaanguka. Nilimweleza hayo mwaka mmoja nyuma, sebuleni kwangu, kwa sauti ya mtu anayejua. Nesi aliposema imeshuka alikuwa na maana kwamba dawa inafanya kazi. Sisi tulisikia ugonjwa umekwisha.

Akasema tena, "Tusimame hospitali yoyote wanipime."

"Kaka yangu yumo kwenye sanduku, mimi nisimame kwa ajili ya kichwa cha Mngoni? Wewe ulishuka mashimo marefu, leo unalia kama bibi harusi."

Akacheka. Alikuwa anacheka hata akiwa anaumwa, na hilo lilinirahisishia.

Asubuhi ya mazishi alikataa chai. Alisema macho yanamwona mtu mmoja kama wawili. Nikamwambia hiyo ni kazi ya pombe ya ulanzi ya jana, naye alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu, nilimhesabia. Ibada ikaisha kama saa tano. Mjane wa kaka akampa koti la marehemu, kofia na fimbo. Akaingia ndani, akatoka akiwa kaka yangu.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mdomo kaupeleka kushoto, mguu wa kulia anauburuta, fimbo anaigonga vilevile. Alimwendea mchungaji, akamtazama toka viatu mpaka kola, akasema, "Toka!" Mchungaji mwenyewe akashika tumbo. Akalifuata sufuria la nyama, "Lete!" Wanawake wakapiga vigelegele huku machozi yanawatoka. Binti wa kaka alikuwa na simu yake juu, anarekodi. Mjane, ambaye siku tatu hakuwa amefungua kinywa, alicheka mpaka akaketi chini.

Halafu Mngoni akabadilisha mguu.

Nililiona mara moja. Alikuwa anaburuta wa kulia, sasa anaburuta wa kushoto. Na fimbo ikamtoka mkononi.

Nikapaza sauti, "Umekosea mguu! Marehemu alikuwa anaburuta wa kulia!"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Panya kaingia kwenye suruali!" Mwingine, "Mpeni ramani!" Mngoni akageuka kunitafuta. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akaja hatua mbili akipepesuka, akanitazama kwa jicho moja, akasema taratibu, kama mtu mwenye nyanya nzima kinywani, "Mhe... lete."

Nikamjibu kwa neno la pili la kaka yangu. "Toka!"

Hapo ndipo watu walipocheka kuliko wakati wote wa msiba ule. Mimi ndiye niliyewachekesha, na nilijisikia vizuri.

Akaanguka. Akaangukia katikati ya njia, kati ya mlango na geti, mahali penyewe mtani anapolala. Tungejuaje? Hata mimi leo, nikijitetea mbele ya watu, naanzia hapo: alianguka mahali pake. Jeneza likatolewa. Desturi ni kumpa chake. Jogoo alikuwa ameshaandaliwa, mwekundu, mguu umefungwa kamba ya katani. Nikamwinamia nikampa, hakupokea. Nikaifunga kamba kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto.

"Chukua mshahara wako, mla panya, tupishe."

Hakuinuka. Nikampiga teke kwenye soli ya kiatu, si kwa nguvu. Hakuinuka. Watu wakapiga makofi kwa ukaidi wake. "Leo Mngoni anataka ng'ombe!" Jua lilikuwa limepanda, wabebaji wanalalamika mabega.

Nikasema, "Mrukeni. Asitucheleweshe."

Wakamruka. Wanaume sita na jeneza la kaka yangu juu yake. Koti alilovaa lilikuwa la huyohuyo aliyekuwa anapita juu. Watu wakasema mtani wa namna hii hajapata kutokea.

Tulirudi kutoka makaburini saa tisa. Wanawake waliobaki kupika walisema hakuamka, mmoja akamfunika uso na kanga kwa sababu ya inzi, wakijua amelewa. Nilipoingia getini niliuona mkono wake wa kushoto unanyanyuka, unaanguka, unanyanyuka. Nikawaambia wenzangu, "Mwoneni, bado anapunga." Tukacheka tena.

Kumbe ni jogoo. Jogoo alikuwa anataka kwenda kwenye makombo ya wali, anavuta kamba, na mkono unamfuata kama tambara.

Mjane wa kaka alitutangulia. Akaitoa kanga usoni, akainama, akanusa mkojo. Akaniangalia.

"Shemeji, huyu hatanii."

Tulimfikisha hospitali karibu saa kumi. Jina la hospitali silitaji. Walimpokea vizuri, sina neno nao. Daktari alikuwa msichana, umri wa mwanangu wa mwisho, na tangu anafungua mdomo sikumpenda.

"Alianza saa ngapi?"

"Saa kumi hii."

"Mzee, saa kumi ndiyo mmemleta. Nauliza alianza saa ngapi."

Ningemweleza nini? Kwamba asubuhi mtu alikuwa mgonjwa wa uongo, na mahali fulani katikati ya uongo akawa mgonjwa wa kweli? Binti wa kaka akamnyooshea simu. Daktari akatazama, uso mkavu, sisi tumesimama. Kicheko chetu kikajaa chumba kile chenye wagonjwa. Akarudisha nyuma, akatazama tena, akasimamisha kwa kidole.

"Hapa mdomo anauvuta mwenyewe, kushoto. Sawa. Sasa tazama hapa." Akasogeza. "Umekwenda kulia. Huu hakuuvuta yeye."

Saa ilikuwa imeandikwa pale kwenye simu. Saa tano na robo.

Simu ikaendelea kucheza. Umekosea mguu. Toka. Mrukeni, asitucheleweshe.

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Ya watu," nikasema.

Akaandika. Akaniuliza presha, nikamwambia ilishuka. Akampima, akanionyesha kile kipimo, halafu akaniuliza ni nani alimwambia aache dawa. Nikasema sijui. Akaniambia bila kunionea haya, "Anayeletwa mapema nina mengi ya kujaribu. Mnaowaleta jioni namna hii, na presha hii, na fahamu hizi, wengi hawatoki. Lakini kiharusi peke yake si lazima kimuue. Tumlinde kifua." Nikamuuliza kifua kinahusu nini na kichwa. Akasema upande mmoja wa koo umelala. Akimeza, kitu kinaweza kukosea njia kikaingia kwenye mapafu, na hiyo ndiyo inayowamaliza wakiwa tayari wako kitandani na sisi tunashukuru.

Wakampitishia mpira puani wa kumlishia. Juu ya kitanda wakabandika karatasi: ASILISHWE KWA MDOMO. Nesi akanisomea kwa sauti kama mtoto, akasema hata maji, hata kijiko kimoja. Hakuwa na haja. Darasa la nne linatosha kusoma maneno matatu.

Nililala Kihesa, mchana nashinda pale kitandani. Siku ya pili akawa na nafuu, jicho linafuata mtu. Mchana ule nesi alikuwa upande wa pili wa wodi. Mjane wa kaka alikuwa amenipa uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, wangu mimi, kwa kuwa nilikuwa sili. Nikajimiminia kikombe. Mngoni akasikia harufu. Akageuza kichwa, ule mdomo wake umepinda, akasema wazi kabisa kuliko alivyosema siku ile uani.

"Lete."

Sitaki kusikia kwamba sikujua. Karatasi ilikuwa mbele ya macho yangu. Ila huyu mtu aliniambia lete mara moja nikamjibu toka, akalala juani akiwa na jogoo mkononi. Safari hii nilitaka kumletea. Na pia, niseme ukweli wote, sikuamini kwamba msichana yule anajua kuliko mimi jinsi ya kumpa mtu uji. Nimewalisha watoto sita. Nimemlisha mama yangu mpaka anakufa. Mwanamume alishwe kwa pua mimi nipo?

Nikampa kijiko. Akameza. Nikampa cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne akakohoa mpaka machozi, nikamwinua, nikampiga mgongoni. "Taratibu, Mngoni, hakuna anayekunyang'anya." Kukohoa kule nilikuona ni nguvu zimerudi. Nikampa mpaka kikombe kikaisha. Nikamfuta kidevu kwa leso yangu. Alikuwa ananitazama, na naapa alikuwa anacheka upande ule mmoja unaofanya kazi.

Kesho yake asubuhi alikuwa anawaka moto. Kifua kinatoa sauti kama uji unaochemka, sina mfano mwingine. Mkewe ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Makongolosi, safari ya siku mbili, vumbi bado liko kwenye kilemba. Aliweka mzigo chini, akakiona kile kikombe changu juu ya kabati kimeganda ulezi, akakichukua akaenda kukisuuza, maana ni mwanamke asiyeweza kuona chombo kichafu. Nesi akamkuta nacho bombani.

"Wewe mama! Umempa uji?"

"Mimi nimefika sasa hivi, mwanangu."

"Wote mnasema hivyo! Karatasi ile tumeibandika ya pambo? Mnatuletea mtu tunahangaika naye, nyie mnakuja kumzamisha kwa mikono yenu!"

Alimfokea mbele ya wodi nzima. Ndugu wa wagonjwa wengine wakageuka kumtazama yule mama kama mchawi. Alisimama na kikombe kinachuruzika maji kwenye kanga yake, akanigeukia mimi. Alinitazama tu, anasubiri mimi niseme.

Nilikuwa natazama dirishani. Kulikuwa na mtu nje anaosha pikipiki. Aliosha rimu ya mbele yote, akahamia ya nyuma.

Daktari alikuja akasikiliza kifua, akabadilisha dawa, wakamwekea hewa. Siku ya tano mtani wangu akafa. Karatasi ilikuwa bado iko pale juu, ncha moja imebanduka.

Tulimpeleka kuzikwa Makongolosi. Wangoni walikuja kutoka Songea na magari mawili. Njia nzima nilijua kinachonisubiri. Ningeweza kusema naumwa, nina umri wa kusema hivyo na nikaaminiwa. Lakini mtani asiyekwenda kwenye msiba wa mtani wake anakuwa amemtupa, nami sijawahi kuitwa mwoga.

Nilipoingia uani mzee mmoja wao akadakia, "Mhehe kaja! Fungeni mbwa!"

Wakacheka, wakanitengea nafasi. Mjomba wake akanivalisha koti la Mngoni, linanibana mabega. "Haya, kazi yako. Tuonyeshe alivyokuwa."

Nikajaribu kutembea kama yeye. Nilimjua miaka yote ile na mguu wangu haukukumbuka mwendo wake hata mmoja, isipokuwa ule wa mwisho. Nikasimama. Watu wakaanza kuguna. Jeneza lilikuwa linatoka mlangoni, mkewe nyuma yake, kanga nyeusi kichwani. Nilisikia wanawake wawili nyuma yangu wananong'ona juu ya mkewe, ndiye huyo aliyempa uji hospitali akamuua, kumbe habari ilishafika mpaka huku. Ilikuwa imefika na jina lisilo lake.

Nikalala njiani.

"Anataka kuku!" wakasema.

"Sitaki kuku," nikasema kutoka pale chini. "Uji nilimpa mimi. Mama huyu hakumpa. Karatasi niliisoma, na nikampa."

Wakaangua kicheko. Yule mzee akauliza, "Ulitia nyama ya mbwa humo?"

"Nasema kweli. Vidonge mimi ndiye niliyemwambia aache. Alianguka nikamfunga jogoo mkononi, nikamwacha."

"Jogoo!" Kuna aliyepiga goti kwa kucheka. "Mhehe huyu ana maneno! Endelea, baba!"

Nikaendelea. Niliyasema yote, kila kijiko, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka. Sijapata kuchekesha watu vile maisha yangu yote. Mngoni mwenyewe asingeniweza siku ile.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alitoka nyuma ya jeneza akaja mpaka kichwani pangu, akasimama, nikaona pindo la kanga yake na vidole vya miguu vyenye vumbi. Niligeuza macho juu. Ile video alishaionyeshwa, binti wa kaka alikiri kwangu baadaye. Alinitazama kama alivyonitazama na kile kikombe, ila sasa hakuwa anasubiri.

Akawageukia wabebaji.

"Mrukeni," akasema. "Asitucheleweshe."

Mmoja akacheka, wakainua miguu. Niliona soli zao moja baada ya moja, na sehemu ya chini ya sanduku, mbao ambazo hazikupigwa randa kwa kuwa hakuna anayetarajiwa kuziona. Wakapita. Watu wote wakawafuata, uwanja ukabaki mtupu.

Kuku sikuletewa, na sikudai.